Namna ya kuchagua kisu cha jikoni kitakachoshika makali

Anayekwenda sokoni kununua kisu huvutwa kwanza na mng'aro wa bapa na rangi ya mpini, na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana visu vingi hupangwa vikiwa vimefungwa ndani ya plastiki ngumu ambamo mkono wa mnunuzi haufiki. Nami nilinunua hivyo nilipoanza kujitegemea: seti ya visu saba na mkasi, vyote vimechomekwa kwenye kibao cha kusimamishia. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nikiziponda nyanya badala ya kuzikata, na kile kikubwa kilianza kucheza mpinini kila nilipomenya muhogo. Tangu hapo nimeshika msimamo mmoja, kwamba kisu kizuri cha nyumbani ni kile ambacho wewe mwenyewe utaweza kukirudishia makali kwa jiwe ulilo nalo, kisha kikayashika makali hayo kwa majuma kadhaa ya mapishi ya kila siku. Mengine yote ni nyongeza.

Kabla ya kutazama kisu chochote, tazama kwanza unavyokata. Katika nyumba zetu nyingi mchicha na sukuma wiki havikatiwi kwenye ubao. Mpishi huyakusanya majani, akayaviringisha ndani ya kiganja cha mkono mmoja, akayakata membamba juu ya sufuria au ungo huku kisu kikija kuelekea dole gumba. Kitunguu nacho hukatwa hivyo hivyo mkononi. Kwa mpishi wa namna hii, kisu kizito cha sentimita 20 kinachosifiwa katika vipindi vya mapishi ni mzigo, na ni hatari pia. Kinachomfaa ni kisu chepesi, chembamba, chenye bapa la sentimita 12 hadi 15. Anayekatia kwenye ubao ndiye anayehitaji bapa pana la sentimita 18 au 20, na kwake yeye upana una maana yake: bapa lenye upana wa takriban sentimita 4.5 upande wa mpini huacha nafasi ya vidole, visigonge ubao kila makali yanaposhuka. Wote wawili watahitaji kisu kidogo cha sentimita 8 hadi 10 kwa kumenyea viazi, vitunguu saumu na maembe. Kwa hiyo visu viwili vinatosha kuanzia maisha. Cha tatu kiamuliwe na chakula chenu: wanaokula mkate wa boflo kila asubuhi watatafuta kisu chenye meno, na wanaonunua samaki mzima mara kwa mara watatafuta kisu chembamba kinachonepa, ili kifuate mifupa bila kuacha nyama. Fedha ambayo ingenunua visu saba vya seti ikanunue hivyo viwili.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika zaidi. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kutokana na kaboni iliyomo, ugumu ambao hujitokeza pale bapa linapochomwa sana na kupozwa ghafla. Kinga dhidi ya kutu hutokana na kromiamu, na chuma huhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Harry Brearley alipotengeneza chuma cha aina hiyo mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, mafundi visu wa mji huo hawakukipokea kwa furaha, kwa kuwa kilikuwa kigumu kufua na kunoa. Mvutano huo haujaisha hadi leo. Kuna vyuma vinavyong'aa miaka yote na havikati, na kuna vinavyokata vizuri sana lakini vinageuka vyeusi kwa ndimu moja.

Neno stainless, linalomaanisha tu kwamba chuma hakishiki kutu, likichongwa peke yake kwenye bapa, halikuambii lolote kuhusu makali. Tafuta alama iliyo mahususi zaidi. Visu vingi vilivyomo madukani vinatoka China, na majina ya vyuma vya huko yanasomeka kwa urahisi ukishayazoea: tarakimu inayotangulia herufi Cr inaonyesha kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia moja, na inayofuata inaonyesha kromiamu kwa asilimia. Hivyo 3Cr13 ni chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.3 na kromiamu asilimia 13. Ni chuma laini, cha kisu cha bei ya chini, kitakachohitaji kunolewa kila baada ya siku chache. 5Cr15MoV kina kaboni ya takriban asilimia 0.5 na kromiamu asilimia 15, nacho kikitengenezwa vizuri ni kisu cha heshima kabisa cha nyumbani. Ndugu yake wa Kijerumani huandikwa X50CrMoV15 au kwa namba 1.4116, na ndicho kinachotumika katika visu vingi vya Solingen, mji wenye sifa ya visu tangu zamani.

Pengine kisu hakina alama yoyote. Nenda basi dukani ukiwa na sumaku ndogo mfukoni, hata ile ya kubandikia karatasi kwenye friji. Chuma kinachoweza kukazwa kwa moto na kupozwa hunaswa na sumaku, ilhali chuma cha vijiko na sufuria nyingi zinazong'aa, chenye nikeli ndani yake, hakinaswi au hunaswa kidogo mno, na hicho hakikaziki kwa moto hata fundi afanyeje. Sumaku ikiteleza juu ya bapa la chuma kama inavyoteleza juu ya kijiko, kirudishe kisu hicho mahali pake. Ikinasa, bado hujathibitisha kuwa kisu ni kizuri. Umeondoa kibaya tu.

Ugumu wa visu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, kinachoandikwa HRC kwenye baadhi ya maboksi. Visu vya Kijerumani na vinavyofanana navyo huwa kati ya 54 na 58, na vingi vya Kijapani hufika 60 na zaidi. Kwa karatasi, namba kubwa inavutia, kwani chuma kigumu hukubali makali membamba zaidi na kuyatunza muda mrefu. Hata hivyo, kwa jiko la nyumba ya watu wengi, ambamo kisu kile kile leo kinakata kitunguu, kesho kinachongoa paja la kuku na keshokutwa mtoto anakitumia kufungulia kopo, mimi siwezi kushauri ugumu wa 61. Chuma kigumu kiasi hicho hakipindi, humeguka. Makali yake yakigonga mfupa au nyama iliyoganda hutoka mapengo madogo ambayo yatakugharimu jioni nzima juu ya jiwe kuyaondoa. Kisu cha 56 kikigonga mfupa huo huo makali yake hulala upande, nawe utayasimamisha kwa dakika chache. Na mifupa yenyewe, tafadhali, iachiwe panga au shoka la bucha. Nazi nayo hupasuliwa kwa mgongo wa panga.

Siwezi kupita bila kuvitaja visu vya wahunzi wetu, vile vinavyofuliwa kutokana na springi za magari. Springi ina kaboni ya kutosha, na mhunzi anayejua moto wake anaweza kukupa kisu kinachokata kuliko vingi vya dukani. Bibi yangu alikuwa nacho kimoja. Kilinolewa miaka na miaka hadi bapa likawa jembamba kama jani la mwembe, na hakukubali kukibadilisha. Ila kisu hiki hakina kromiamu ya kukilinda, na hewa ya pwani yenye chumvi haina huruma: ukikata ndimu au embe bichi ukakiacha kwenye karo, baada ya muda mfupi tu utaona madoa, na asubuhi kuna kutu. Kioshe hapo hapo, kikaushe kwa kitambaa, kisha kipake mafuta ya kupikia kidogo sana kwa ncha ya kidole. Rangi ya kijivu itakayolifunika bapa taratibu si uchafu na isisuguliwe, maana inasaidia kuzuia kutu. Mhunzi ukimpata, muulize amekipozaje kisu chake, na kama alikirudisha motoni kidogo baada ya kukipoza ili kisivunjike. Anayelifanya hilo atakueleza bila kusita.

Baada ya chuma, umbo. Hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka, kwa kuwa chuma kizuri chenye umbo baya hakitafurahisha mkono wa yeyote. Kishike kisu kwa mkono mmoja, kisha kwa dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa pili bana bapa pande zote mbili karibu na mgongo, ukiteremsha vidole taratibu kuelekea makali na kuviachia kabla havijafika. Vidole vinapaswa kuhisi bapa likipungua unene bila kukatika: milimita mbili hivi mgongoni, na karibu na makali liwe jembamba lisilofika nusu milimita. Ukihisi bapa limebaki nene hadi chini, kisha likachongwa ghafla penye makali kama patasi, ujue kisu hicho kitapasua badala ya kukata. Utakisikia nyumbani siku ya kwanza utakapokata karoti: nusu ya njia kisu kinakwama, unakandamiza, karoti inatoa mlio wa kuvunjika na kipande kinaruka sakafuni.

Lifuate pia bapa kwa jicho moja kutoka mpinini hadi nchani, kama seremala anavyotazama ubao, uone kama limenyooka. Geuza makali yaelekee kwenye mwanga: makali yaliyonolewa vizuri hayaonekani, na palipo butu au penye pengo pataakisi mwanga kama nukta au mstari mweupe. Kasoro ndogo ya aina hii jiwe litaiondoa. Kupinda kwa bapa hakuna jiwe la kukuponya.

Wauzaji hupenda kuonyesha kisu kikikata karatasi hewani. Jaribio hilo linakuambia kwamba kisu kimenolewa vizuri leo, wala halikuambii kitakuwaje baada ya mwezi, kwa hiyo lisikushawishi kulipa zaidi.

Mpini nao utazame kwa makini pale unapokutana na chuma. Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini huitwa msuka, na katika visu vingi imara msuka huo hufika mwisho wa mpini, ukibanwa na vipande viwili kwa ribiti mbili au tatu. Pitisha ukucha kwenye maungio yote. Ukucha ukikwama, mahali hapo maji na mafuta ya nyama yataingia na yatabaki, mbao zitavimba, msuka utaota kutu na mpini utaanza kucheza. Mipini ya plastiki iliyomiminwa moja kwa moja juu ya msuka haina maungio hayo, na ingawa haipendezi kama mbao, mabucha mengi huitumia kwa sababu husafishika vizuri. Lowesha mkono wako kama muuzaji ataruhusu, ukishike kisu namna utakavyokishika ukiwa na mafuta ya samaki viganjani. Mpini laini uliopakwa vanishi ya kung'aa huteleza, na kisu kinachoteleza hukata mkono wa mwenyewe.

Fedha iliyobaki inunue jiwe la kunolea kabla ya kununua kisu cha pili. Jiwe la maji, yaani linalolowekwa kwa maji wakati wa kunoa, lenye chembe laini za 1000 upande mmoja na chembe kubwa za 400 upande wa pili litakutosha kwa miaka. Kwa bapa lenye upana wa milimita 45, inua mgongo kutoka juu ya jiwe kwa milimita 12 hadi 15, upate pembe kati ya digrii 15 na 20, na uishike pembe hiyo bila kuibadilisha, ukisukuma mpaka uhisi kwa kidole unywele mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Hapo ndipo unapogeuza. Kama jiwe bado hujalipata, kigeuze kikombe cha kauri juu chini, utumie ile duara ya chini isiyong'arishwa kuyasimamisha makali yaliyolala.

Mnoaji wa mtaani mwenye jiwe la baiskeli ana msaada wake, hasa kwa kisu kilichoharibika sana, lakini simama karibu naye. Jiwe linalozunguka kwa kasi huchemsha makali membamba kwa sekunde chache, na chuma kikishapata moto wa kutosha kugeuka rangi ya dhahabu kisha bluu, ugumu wake umepungua mahali hapo. Mwombe achovye kisu kwenye maji kila baada ya mapitio mawili au matatu, na ukiona rangi ya bluu imetokea ukingoni mwambie aache. Sehemu hiyo itabidi uiondoe yote kwa jiwe la mkono nyumbani, hadi ufikie chuma ambacho moto haukukigusa.