Namna ya Kusoma Maneno Yanayohusu Wanawake katika Kamusi Kongwe za Kiingereza

Mwalimu au mwanafunzi wa Tanga anayesoma fasihi ya Kiingereza ya karne zilizopita hukwama mara nyingi kwenye maneno yanayomhusu mwanamke, kwa sababu kamusi iliyo mezani kwake humpa maana ya leo ilhali mwandishi aliandika kwa maana ya zama zake. Njia ya kuaminika ni kufungua kamusi za zama hizo, ambazo nyingi zimepigwa picha na husomwa bure kwenye intaneti, hata kwa simu.

Anza na ukurasa wa jina la kamusi, kwa kuwa ndipo mtungaji alipotaja watu aliowakusudia. Robert Cawdrey, aliyechapisha mwaka 1604 kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye maneno yapatayo 2,500, alitangaza kuwa ameikusanya kwa manufaa ya mabibi, wanawake wa kiungwana na watu wengine wowote wasio na ujuzi. Kwa hilo neno "wengine", wanawake wamekwisha kutiwa katika kundi la wasiojua kabla ya kidahizo cha kwanza, yaani neno la kwanza linaloelezwa. Hata hivyo, tumtendee haki: maneno mengi magumu aliyoyaeleza yalitoka katika Kilatini, na shule zilizofundisha lugha hiyo zilikuwa za wavulana.

Itakayokufaa zaidi ni kamusi ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755 kwa majuzuu mawili makubwa, kwa kuwa mtungaji alizitegemeza maana kwa nukuu za waandishi. Fahamu tu kwamba chapa ya wakati ule iliipa herufi s, isipokuwa mwishoni mwa neno, umbo linalokaribiana sana na f. Ukitafuta "spinster" katika nakala iliyosomwa na mashine usiione, jaribu "fpinfter".

Ukishalipata neno, soma maana zote kwa mpangilio wake. "Spinster" kwa Johnson ni kwanza mwanamke anayesokota nyuzi. Maana ya msichana au mwanamke asiyeolewa inafuata, nayo imetajwa kuwa ya kisheria. Kwa hiyo "spinsters" wa Shakespeare wanaoimba juani ni wasokota nyuzi walio kazini, wala si wanawake waliokosa wachumba. Chini ya "virago" utakuta shujaa wa kike wa vita, kisha maelezo kwamba kwa kawaida neno hilo husemwa kwa chuki kumtaja mwanamke fidhuli na mwenye fujo. Hayo maneno "kwa kawaida" yapigie mstari, kwa maana yanaonyesha ni maana ipi iliyotawala katika mazungumzo ya watu.

Nukuu zenyewe usiziruke. Maana ya pili ya "wife" ni mwanamke wa kazi duni, na ushahidi wake umetoka kwa mwandishi Francis Bacon, anayewataja wanawake wauza stroberi, "strawberry wives", waliopanga mbili tatu kubwa mdomoni mwa chungu huku zilizobaki zote zikiwa ndogo. Aliyewahi kununua machungwa ya Muheza yaliyopangwa kwa mafungu atautambua ujanja huo papo hapo, na huenda akajiuliza kwa nini biashara yenye akili kiasi hicho iliitwa kazi duni.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni kufungua pia neno la kiume lililo mwenzake. "Mistress" huanza kwa mwanamke anayetawala, hupita kwa stadi, mwalimu na mpenzi anayebembelezwa, kisha huteremka hadi mwito wa dharau, na mwisho kahaba au hawara. "Master" ana maana nyingi zaidi, miongoni mwake mmiliki, mtawala, nahodha wa chombo cha biashara, mwalimu, stadi na mwenye shahada ya chuo kikuu, na hakuna hata moja ya aibu. Ukisoma kidahizo kimoja peke yake, tofauti hiyo haionekani kabisa.

Kando ya kila maana unayonakili andika mwaka wa kamusi uliyoitumia, kisha uilinganishe na ya Noah Webster ya mwaka 1828 na ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ambayo huonyesha kwa tarehe za nukuu wakati kila maana ilipoanza kuandikwa.