Jinsi ya Kuisoma Gemu Usiyoijua

Anayekaa mbele ya gemu mpya kwa mara ya kwanza huuliza: nibonyeze nini? Mimi humwomba aliweke swali hilo kando kidogo, maana vidole hujifunza upesi kuliko tunavyodhani. Jiulize kwanza: gemu hii inanitaka nifanye jambo gani tena na tena, na hadithi yake inanipa sababu gani ya kulifanya? Nimecheza tangu utotoni, na siku hizi furaha yangu kubwa ni kukaa pembeni ya mtu mzima anayeanza, pedi, yaani kidhibiti chenye vitufe, ikiwa mikononi mwake. Nimeona wenye mikono mizito wakifika mbali kwa sababu walishika jambo moja mapema: kanuni za uchezaji na visa vya hadithi vinavyojirudia kutoka gemu hadi gemu vimefungamana. Kisa kilichozoeleka mara nyingi kipo kwa sababu kuna kanuni inayokihitaji.

Skrini ya kwanza

Gemu ikifunguka, usikimbie. Simama. Tazama mhusika wako ameelekea wapi, nafasi iko upande gani, kitu gani kinametameta. Jaribu kila kitufe ukiwa bado mahali salama.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ndiyo shule ninayoipenda kuliko zote kwa somo hili. Mario amesimama upande wa kushoto akitazama kulia, na mbele yake pako wazi. Hakuna maandishi ya kukuelekeza, lakini unakwenda kulia. Anakuja Goomba, kiumbe mwenye umbo la uyoga na uso wa hasira. Usiporuka, anakuua, na kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza, hujapoteza kitu cha kukuuma. Ukigonga tofali lenye alama ya kuuliza, inatoka sarafu. Ukigonga jingine, unatoka uyoga unaokwenda kulia, unagonga bomba, unageuka na kukurudia. Umeshajifunza kwamba kinachokujia kinaua, basi unataka kuukwepa. Ukiruka, matofali yaliyo juu yako yanakurudisha chini, na aghalabu unaangukia uyoga huohuo. Mario anakua. Waundaji wake, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, walipanga yote hayo ili ujifunze kwa mwili wako, bila mtu kukuhubiria.

Kwa hiyo popote unapocheza, chukulia kwamba vyumba vya mwanzo ni mwalimu. Shimo la kwanza likiwa na sakafu chini yake, unaonyeshwa jinsi ya kuruka bila kuadhibiwa. Shimo la pili halitakuwa na sakafu.

Kufa makusudi

Hili huwashangaza wengi, nami nalisisitiza kuliko yote: kufa mapema, kwa hiari yako, kabla hujakusanya chochote. Jirushe shimoni au simama mbele ya adui mkubwa. Kisha angalia umeamkia wapi na umepoteza nini. Bei ya kifo ndiyo inayoamua tabia yako yote ndani ya gemu, na ukiijua ndani ya dakika tano za kwanza, utacheza bila hofu isiyo na sababu.

Bei hizo hazifanani. Mashine za zamani za gemu, zilizochezwa kwa kutumbukiza sarafu, zilikupa maisha machache, kisha zikataka sarafu nyingine, kwa hiyo zilitengenezwa zikuue haraka. Rogue, ya mwaka 1980, ilichukua njia nyingine: ukifa, umekwisha, na ukianza upya vyumba vyote vimepangwa upya. Kila uamuzi mdogo ndani yake una uzito, na ndiyo maana gemu nyingi za leo bado zinaifuata. Fire Emblem, iliyoanza mwaka 1990, ilihamisha uchungu huo kwa wenzako: askari mwenye jina na sura yake akianguka vitani, harudi. Unaanza kumchelea mtu ambaye ni mchoro tu. Resident Evil ya 1996 iliiweka bei kwenye kuhifadhi kwenyewe, yaani kuweka kumbukumbu ya ulipofikia. Huwezi kuhifadhi bila mashine ya taipu na utepe wa wino, na tepe ni chache. Unatembea kwenye korido huku ukijiuliza kama maendeleo yako yanatosha kutumia utepe mmoja, na hofu yako inatoka hapo zaidi ya kwenye maiti wanaotembea.

Kisha kuna Dark Souls ya 2011, ambayo wengi huikimbia kwa sifa yake ya ukatili. Kanuni yake ni hii: nafsi unazokusanya kwa kuua maadui ndizo fedha zako na ndizo zinazokupandisha ngazi. Ukifa, zinabaki pale ulipofia. Una nafasi moja ya kuzirudia. Ukifa tena njiani, zimepotea. Ukipumzika kwenye moto unapona na chupa zako za dawa zinajaa, lakini karibu maadui wote wa kawaida wanafufuka. Cheza hivi: kabla hujafungua mlango usiojua uendako, tumia nafsi ulizonazo. Unapozirudia nafsi zako, usipigane na kila mtu, kimbia, pita katikati yao, zichukue kwanza. Na zikipotea, usicheze kwa hasira. Hadithi ya gemu hiyo inahusu watu wasioweza kufa ambao wakikata tamaa huwa mazuzu yasiyo na fahamu. Waundaji wanakuweka katika hali ileile: unafufuka kila mara, na kinachoweza kukutoa mchezoni ni moyo wako tu. Sijui mfano mzuri zaidi wa kanuni na hadithi kusema neno moja.

Nikitaja yote haya watu huuliza kuhusu gemu zinazokupa nafasi ya kuhifadhi popote. Hizo jaribu kila kitu. Bei ni ndogo.

Milango, funguo na daftari

Karibu kila gemu yenye dunia ya kutembea ina mlango usiofunguka leo. Doom ya 1993 ilisema wazi: mlango mwekundu, kadi nyekundu. Metroid ya 1986 ilikuwa na ujanja wa kuvutia zaidi. Wachezaji walikuwa wameshazoea kwenda kulia tu. Kwenye Super Mario Bros. skrini hairudi kushoto hata ukitaka. Metroid inakuacha uende kulia mpaka unafika mahali pembamba usipopita. Kifaa kinachomwezesha Samus, mhusika unayemchezesha, kujikunja kuwa mpira kilikuwa kushoto, hatua chache kutoka ulipoanzia. Tangu hapo unajua dunia hii ni ya kurudi ulikotoka, na ufunguo unaweza kuwa uwezo wa mwili wako mwenyewe.

Weka daftari. Ramani za ndani ya gemu zimeboreka, lakini daftari lina faida ambayo ramani haina: unaandika kilichokuzuia kwa maneno yako. "Ukuta wenye nyufa, chumba cha maji." "Ukingo mrefu mno, karibu na mti." Ukipata kifaa kipya, soma daftari kabla ya kuendelea mbele. Kwenye Outer Wilds ya 2019 daftari ndilo gemu yenyewe, ingawa chombo chako cha angani huandika kumbukumbu kwa ajili yako. Jua linalipuka baada ya dakika 22, unaamka pale pale ulipoanzia, na huna silaha mpya wala nguvu mpya. Ulichobaki nacho ni ulichokielewa. Kila mlango ungeweza kufunguka tangu mwanzo, kama ungejua.

Maadui wana tabia

Chagua adui mmoja, mtazame tu. Kwenye Pac-Man ya 1980, Toru Iwatani na wenzake waliwapa mizimu minne mienendo tofauti: Blinky anakufuata moja kwa moja, Pinky analenga mbele ya uelekeo wako, Clyde akikukaribia sana anageuka kwenda kwenye kona yake. Asiyejua anaona kundi la vurugu, na anayejua anaona watu wanne.

Kwa bosi, yaani adui mkubwa anayekungoja mwishoni mwa eneo, fanya hivi: jaribio la kwanza usimpige hata mara moja. Mkwepe, mzunguke, jifunze ishara anayotoa kabla ya kila pigo, kama kuinua bega, mngurumo au rangi inayobadilika. Ukishamjua, ndipo uanze kushambulia. Ujue pia kwamba wengi hubadilika wakibakiwa na nusu ya uhai, kwa hiyo usimalize dawa zako zote mwanzoni. Na ukikwama kabisa, angalia umepewa kifaa gani katika eneo hilo. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 inakupa manati ndani ya mti mkubwa, na manati hiyo inalipumbaza jicho la Gohma, bosi wa humo, mwishoni. Pango linalofuata linakupa mabomu, na bosi wake anayameza. Ni desturi iliyoenea sana.

Kuhusu namba, yaani uhai, pointi za uzoefu na ngazi, nyingi zimetoka Dungeons & Dragons ya 1974, iliyochezwa mezani kwa karatasi na kete. Ushauri wangu ni mfupi: ongeza sifa moja au mbili unazozitumia kila mara, usigawe pointi kila mahali, na dawa ulizobeba zitumie. Watu humaliza gemu na begi limejaa dawa.

Kwa nini shujaa amesahau kila kitu

Sasa hadithi. Shujaa anaamka hajui jina lake. Kijiji kinachomwa. Mzee mwenye hekima anafundisha kidogo kisha anafariki. Wengi hudharau visa hivi kwa kuwa vimechakaa. Mimi huviheshimu, kwa sababu kila kimoja kinafanya kazi.

Shujaa amesahau kwa kuwa wewe hujui kitu, na hadithi inahitaji sababu ya kila mtu kukueleza dunia yake. Planescape: Torment ya 1999 ilikichukua kisa hicho kwa uzito: shujaa wake hafi, husahau, na maswali anayouliza kuhusu maisha yake ya nyuma ndiyo gemu nzima. Kijiji kinachomwa ili usiwe na pa kurudi, njia ibaki ya mbele. Mzee anakufa kwa sababu mafunzo yamekwisha na ni lazima uachwe peke yako. Ukiona ametaja vitufe vyote muhimu, jiandae.

Mji uliokufa wenye rekodi za sauti zilizotapakaa una sababu yake pia. Waundaji wa System Shock, 1994, hawakuridhika na mazungumzo ya kuchagua majibu kutoka orodha, ambayo hayakufanana na watu wanavyoongea. Wakaijaza stesheni ya angani wafu, ukabaki unawasikia kupitia kumbukumbu zao. Basi ukiingia kwenye mji kama huo, sikiliza kila rekodi ukiwa umesimama, na nukuu namba yoyote inayotajwa. Mara nyingi ni ya kufuli fulani.

Kuanzia hapa nitafichua mambo ya gemu tatu. Asiyetaka aruke hadi aya ya mwisho.

Sauti inayokuelekeza kwenye redio, ichunguze. Tumezoea kutii kwa sababu bila maelekezo hatujui pa kwenda. BioShock ya 2007 iliitumia tabia hiyo dhidi yetu: aliyekuwa akikuomba kwa upole ufanye hiki na kile alikuwa akitumia maneno ambayo shujaa wako hawezi kuyakataa. Ulidhani unachagua. Jiulize daima, anayenituma anapata nini?

Mwenzako anapokufa, tazama kanuni zilivyokuandaa. Final Fantasy VII ya 1997 ilimuua Aerith, mmoja wa kikosi chako, na mchezaji aliyekuwa akimtumia alikuwa amempa silaha, amemkuza, amezoea anavyoponya wenzake. Baada ya kisa kile unafungua orodha ya kikosi na hayupo. Pengo lile linauma kwa sababu ulimjenga kwa mikono yako.

Kilele cha yote, kwangu, ni Brothers: A Tale of Two Sons ya 2013. Unawaongoza kaka wawili kwa pedi moja, mkubwa kwa mkono wa kushoto, mdogo kwa wa kulia. Mdogo anaogopa maji, hivyo mkubwa humbeba mgongoni. Mkubwa anafariki. Mdogo anafika mtoni peke yake, na kitufe chake hakifai kitu. Mpaka ubonyeze kile cha kaka yake, kwa ule mkono wa kushoto uliokuwa umekaa bure. Anaogelea. Hakuna maonyesho ya video ambayo yangeweza kulifanya hilo.

Kwa anayeanza leo ningependekeza Celeste ya 2018. Inafundisha kwa vyumba vifupi, kifo hakigharimu kitu, na ina huruma usiyoiona: ukichelewa kuruka kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya kuvuka ukingo, bado inakubali. Msichana wake anapanda mlima huku akipambana na wasiwasi wake mwenyewe, na chumba kigumu kitakupandisha pumzi kama yeye. Ikikuzidi, kwenye mipangilio kuna msaada wa kupunguza kasi ya gemu, kuongeza nguvu za kupanda, hata kutokufa kabisa. Uwashe unapouhitaji, uzime ukitaka. Andika kwenye daftari chumba ulichofikia na ulichokuwa unajaribu kufanya, kisha pumzisha mikono.