Ukistaafu, Tafuta Mahali Unaposubiriwa

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55, na matayarisho yake mara nyingi huwa ya fedha tu: mafao yatatoka lini, nyumba imebakiza nini, ni watoto wangapi bado wanasoma. Jambo linalosahaulika ni Jumatatu ya kwanza, pale mtu anapoamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, akaoga, akanywa chai, kisha akatambua kwamba hakuna anayemngoja popote.

Kwa hiyo, kabla barua ya kustaafu haijafika, andika ratiba ya wiki yenye miadi mitatu au zaidi, na kila miadi iwe na watu watakaouliza uko wapi usipotokea. Kutembea peke yako ni kuzuri, lakini ukiacha hakuna atakayejua; ukitembea na jirani anayekugongea mlango saa kumi na mbili na nusu, utaona aibu kumwambia leo umechoka.

Kwa upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na kwa waliofikisha miaka 65 linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokuacha ukiweza kuzungumza lakini si kuimba. Zoezi la nguvu halihitaji vyuma: keti kwenye kiti kisichoyumba, kunja mikono kifuani, simama bila kushika kitu, keti tena polepole, na urudie mara kumi ukiweza. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua azungumze na daktari kabla ya kuanza, na yeyote anayetembea avae viatu vya kufunga, kwa maana kandambili zimeangusha wazee wengi. Wale wanaosema kilimo kinawatosha wakumbuke kwamba jembe lina msimu wake, ilhali magoti yanahitaji kazi mwaka mzima.

Kwa upande wa akili na maongezi, sijaona kinachoushinda mchezo wa bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, huku 22 zikibaki mkononi ili azinamue, yaani aziingize ubaoni, moja moja. Asiyeuelewa asione haya kuketi pembeni wiki mbili tatu akitazama, kwa kuwa watazamaji wa bao hawanyamazi kamwe, na katika kubishana kwao iwapo fulani alikuwa na kete za mpinzani za kula au alipaswa kutakata, yaani kucheza bila kula, mgeni hujifunza sheria na majina ya watu kwa pamoja. Siku moja mchezaji mmoja atachelewa, nawe utaitwa ujaze nafasi. Kundi la WhatsApp la wastaafu linafaa kwa kupashana habari za misiba na uhakiki wa pensheni, lakini picha za maua za kutakiana asubuhi njema zisihesabiwe kuwa maongezi.

Jiunge pia na kikundi chenye wajibu, kama vile VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, au chama cha kufa na kuzikana, kwa sababu kikundi cha namna hiyo hukupa kazi: kuandika daftari, kutunza mojawapo ya funguo za sanduku, kwenda kumjulia hali mwanachama mgonjwa. Nunua hisa kwa kiwango cha wenzako. Anayeingia na kiinua mgongo chote hujikuta mkopeshaji wa mtaa mzima, na mwisho wake ni kukwepana njiani.

Ukishaingia, cheo kiache mlangoni. Aliyekuwa mkuu wa idara akianza kuendesha kikao cha mtaa kama kikao cha ofisini, watu watamwamkia kwa heshima zote na hawatamwambia kikao kijacho ni lini. Kubali kutumwa, na ukubali kurekebishwa na kijana anayekupa shikamoo.

Anayepanga kurudi kijijini baada ya miaka 30 mjini akakae kwanza miezi mitatu kabla ya kuuza au kupangisha nyumba yake, kwa sababu rafiki wa utotoni aliyemkumbuka huenda amehama au amefariki, na atalazimika kuanza kujuana upya kama mgeni.

Miguu ikigoma, usiage kikundi. Waombe wenzako kikao kihamie barazani kwako mara moja kwa wiki, ukinunua ubao wako mwenyewe na kuweka birika la kahawa, na viti viwe vingi kuliko wachezaji.