Nyumba kuukuu ya Marekani: anza na maji, jikoni baadaye

Nilipomwambia mzee wangu nimenunua nyumba hapa Columbus, Ohio, imejengwa 1926, ya mbao, alinyamaza kidogo kwenye simu halafu akauliza, "Ya mbao? Miaka mia? Mchwa je?" Swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo, mchwa huku wapo na wana mkaguzi wao kabisa, ila nilichokuja kujifunza ni kwamba mbao ikikaa kavu inazeeka salama tu, kinachoiua ni maji. Hilo liweke kichwani maana nitalirudia mpaka unichoke.

Bongo choo kikiharibika unaenda kijiweni, unamchukua fundi, mnapatana bei, unamsimamia huku anakunywa chai yako. Huku fundi bomba akishuka tu kwenye gari lake ushaliwa hela na hata koki hajaigusa. Ndo maana wengi wetu tunaishia kujifunza wenyewe, Yutyubu mkononi, baada ya shifti.

Sasa hela kwanza. Mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali, unakubali utangulize asilimia 3.5 ya bei kama skoo yako ya krediti, yaani alama za unavyolipa madeni, ni 580 kwenda juu, na ndo wabongo wengi tulikoingilia. Lakini tangu Mei 25, 2025 wasio raia wala hawana grinkadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, wamefungiwa FHA, kwa hiyo kama una kibali cha kazi tu usimsikilize dalali anayekwambia "tutaangalia", ulizia mkopo wa kawaida kwenye benki zaidi ya moja. Huko huko FHA kuna mpango unaitwa 203(k) unaokukopesha hela ya nyumba pamoja na ya matengenezo, mzuri sana, ila benki inataka kazi ifanywe na kontrakta, sio wewe na binamu yako Jumamosi. Kama riba inakusumbua kwa dini, yapo makampuni yanayonunua nyumba kwa ubia na wewe halafu unawalipa fungu lao taratibu, sio kila jimbo, lakini yapo.

Gharama za kufunga dili zenyewe, yaani ada za kukamilisha ununuzi, ni kama asilimia 2 mpaka 5 ya mkopo, watu wanazisahau kabisa. Na siku za mwisho mwisho ukipata imeili inakwambia akaunti ya kutuma hela imebadilika, usitume hata senti, piga simu ofisi inayosimamia ununuzi kwa namba uliyokuwa nayo toka mwanzo. Wezi wanavizia hapo hapo, hela ikishaenda kuirudisha ni kazi ya kuomba Mungu.

Kitu kingine, wa nyumbani usiwatumie picha mapema. Wewe unaona deni la miaka 30, wao wanaona jumba la ghorofa, na michango ya harusi inapanda wiki hiyo hiyo. Mimi nilisubiri mpaka paa likaisha.

Ukaguzi usiuruke, hata kama dalali anakwambia ofa bila ukaguzi ndo inashinda. Lipa mkaguzi, nenda naye, panda naye mpaka darini, uliza maswali ya kishamba yote uliyonayo. Halafu juu ya huo ukaguzi wa kawaida lipia mtu apitishe kamera kwenye bomba la maji taka mpaka barabarani. Nyumba za umri huu nyingi mabomba yake ni ya udongo wa kuchoma, yameungwa vipande vipande, na mizizi ya miti inaingia kwenye maungio kutafuta maji, na sehemu kubwa ya bomba hilo mara nyingi ni mzigo wako sio wa mji. Kamera ni dola mia kadhaa, kuchimba bomba ni maelfu. Pima na radoni, gesi isiyo na harufu inayotoka ardhini na kujaa bezimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, Ohio tunayo sana, na baada ya sigara ndo inaongoza kwa kuleta kansa ya mapafu. Ikifika 4 kwenye kipimo chao weka feni ya kuitoa nje, muombe muuzaji alipie, mara nyingine anakubali.

Haya, umekabidhiwa funguo. Hapa ndo nilipokosea mimi. Nilianza na jikoni, sababu jikoni ndo mke wangu alikuwa anapaona kila siku na kabati zilikuwa na mafuta ya tangu enzi za mababu, nikang'oa, nikaweka mpya, nikatandika sakafu mpya, nikapiga na picha. Mwezi wa nne mvua zikaja, gata, ile mifereji ya pembeni ya paa, zimejaa majani, maji yakafurika yakaingia ukutani nyuma ya zile kabati mpya, sakafu ikavimba kama chapati. Nikang'oa tena.

Kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ikinyesha vaa koti utoke nje, izunguke nyumba, angalia maji yanaenda wapi. Safisha gata, bomba la kushushia maji liunge lipeleke mbali na msingi, futi 6 au zaidi, na udongo wa kuzunguka nyumba ujaze uwe na mteremko wa kwenda nje, inchi 6 kwa futi 10 za mwanzo. Kazi ya koleo na toroli tu, jasho lako na udongo wa bei ndogo. Mimi kampuni moja iliniambia bezimenti yangu inahitaji mtaro wa ndani na pampu, bei ikanitoa machozi, nikaenda kurekebisha gata na udongo na ikakauka. Sisemi kila bezimenti itakauka hivyo, nasema anza na cha koleo kabla ya cha kusaini mkataba.

Kabla hujabomoa chochote ndani, simama kwanza. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ichukulie kwamba rangi yake ina madini ya risasi. Sheria inamtaka muuzaji akwambie anachojua na akupe siku 10 za kupima kabla hujajifunga. Vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto, kwa hiyo hakuna kupiga msasa mkavu, lowesha kwanza, funga chumba kwa plastiki, watoto wapeleke kwa shangazi yao. Asbestosi nayo inajificha kwenye vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9, kwenye bandeji nyeupe za mabomba ya joto, kwenye dari za zamani. Ukiona na huna uhakika, usivunje, peleka kipande maabara, ni hela ndogo.

Ukifungua ukuta utacheka. Ndani kuna fito! Vijiti vya mbao vimepangwa na plasta imekandikwa juu yake, yaani Mmarekani wa 1926 alikuwa anakandika kama bibi yangu kijijini, tofauti ni chokaa. Ukuta huo ukiwa mzima usiubomoe kuweka jipsamu kwa sababu ya fasheni, unazuia kelele vizuri kuliko hiyo jipsamu, ziba tu nyufa.

Ukikuta waya zimepita kwenye vikombe vidogo vya kaure, hizo ni za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni nyingi za bima zinazikataa, na hapo mimi nilisalimu amri nikaita fundi umeme mwenye leseni. Kubadilisha swichi au taa, sawa, zima breka, pima na testa mara mbili. Ila boksi la breka usilifungue ndani. Miji mingi inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kufanya kazi nyingi mwenyewe lakini kwa kibali, nenda ofisi ya mji ukaulize, kazi ya kificho inakuja kukugharimu siku unauza. Na ukichimba uani hata shimo la nguzo, piga 811 siku chache kabla, wanakuja kuchora mabomba ya gesi yalipo, bure.

Vifaa usinunue vyote. Columbus kuna maktaba ya vifaa, unaazima ngazi kama kitabu, na maduka ya ReStore ya shirika la Habitat for Humanity yanauza milango na masinki yaliyotumika, mlango wangu wa mbele niliupata huko.

Mwisho fanesi, sio fenesi, lile dubwana la kupasha joto. Iangaliwe mwezi wa tisa, sio siku ya theluji ya kwanza mafundi wote wakiwa bize. Badilisha filta, weka king'ora cha kabonimonoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kila ghorofa, na jua koki kuu ya maji ilipo. Ukisafiri Desemba kwenda nyumbani usizime joto kuokoa hela, acha kwenye 55 za Farenhaiti, funga koki kuu, mwachie jirani ufunguo. Bomba likiganda na kupasuka uko Moshi unakula mbege, nani atakuja kufunga?