Kabla ya Kupunguza Miti ya Mbao: Vibarua, Siku na Pesa

Baadhi ya wanaoishi Nairobi wana shamba la saipresi Limuru au Kinangop, na wakiwaza kupunguza miti (kukata baadhi ili inayobaki ipate nafasi) huuliza kwanza bei ya mwenye pawa, yaani msumeno wa injini. Kukata ndiyo sehemu rahisi. Pesa huliwa na miti inayonasa, magogo yanayoburutwa mbali, na miti mizuri iliyoangushwa kimakosa.

Anza kwa kuhesabu. Chomeka kigingi, funga kamba ya mita 5.64, kisha uzunguke nayo. Duara hilo lina mita mraba 100, kwa hiyo kila mti ulio ndani ni sawa na miti 100 kwa hekta. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 hutoa miti 1,600 kwa hekta, yaani 16 kwenye duara ikiwa hakuna uliokufa. Mpango uliozoeleka Kenya kwa saipresi ya mbao hubakiza kama 888 baada ya upunguzaji wa kwanza, miti mirefu ikiwa na mita 11 na kidogo: kwenye duara ibaki tisa. Pima maduara matano au zaidi, kwani bondeni na mgongoni miti hailingani.

Kisha piga rangi miti ya kukatwa, na usimwachie mnunuzi kazi hiyo, kwa sababu atachagua inayonyooka. Inayotoka ni iliyopinda, yenye vichwa viwili, yenye vidonda, na iliyofunikwa na majirani. Kila mti upate alama mbili: moja usawa wa kifua, nyingine chini kabisa karibu na mizizi. Hiyo ya chini hubaki kwenye kisiki. Kazi ikiisha, pita ukitafuta visiki visivyo na rangi. Hapo hakuna mjadala.

Siku za kazi zipigie hesabu kwa jaribio. Mpe fundi na msaidizi miti 20, uwapimie muda wa kuangusha, kufyeka matawi na kukata vipande. Tuseme imetoka dakika sita kwa mti. Ekari moja yenye miti 647 ikipunguzwa kwa kiwango kile cha 1,600 hadi 888 kwa hekta hutoa karibu 288 ya kukatwa. Hizo ni saa 29, au siku tano hadi sita, maana pawa haifanyi kazi saa nane mfululizo. Hapo bado hujahesabu kuburuta hadi barabarani, na mteremko ukiwa mkali kazi hiyo inaweza kuzidi ya kukata. Malipo ya kwa mti hufanya watu wakimbie na kuacha visiki virefu. Ya kwa siku huwafanya wapoe. Afadhali kwa mti, pesa zitoke baada ya visiki kukaguliwa.

Shamba lililofunga matawi juu halina nafasi ya mti kuanguka. Mti ukinasa kwenye mwenzake, vijana huukata huo mwenzake unaoushikilia, na hivyo ndivyo watu hufa. Waandae kamba ndefu na nguzo ya kuugeuzia shina, waanze ukingoni kuelekea ndani, na asiwepo mtu mwingine ndani ya umbali wa urefu wa miti miwili. Wawe na mnyororo wa akiba na tupa ya mviringo: mnyororo ukigusa udongo huwa butu papo hapo.

Karatasi zitangulie lori. Uliza ofisi ya KFS (Huduma ya Misitu Kenya) ya eneo na serikali ya kaunti kuhusu kibali cha kukata, cha kusafirisha na ushuru. Mnunuzi akija na watu wake, iandikwe nani mwajiri na nani analipia bima ya WIBA, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini.

Epuka mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, lori la kanta litazama. Januari na Februari barabara ni kavu, lakini matawi yaliyolala hushika moto, basi yaondoe karibu na mipaka.

Usitarajie bei ya mbao kwa vijiti hivi. Vinavyonyooka huenda mijengoni kushikilia slabu, vingine huwa kuni, na upunguzaji wa kwanza ukirudisha gharama zake tu, umefanya vizuri. Wenye mikaratusi waongeze gharama moja zaidi: visiki vyake huchipua, tofauti na saipresi, na machipukizi hayo hunyang'anya maji miti iliyobaki yasipovunjwa yakiwa machanga.