Namna ya Kusoma Viwango vya Protini katika Tafiti za Wadudu Wanaoliwa

Unapokutana na utafiti unaosifu protini ya wadudu, angalia kwanza kama kiwango kimetolewa kwa uzito mkavu au mbichi, kwani nyenje mwenye protini asilimia 60 akiwa mkavu huwa na takribani 20 tu akiwa mbichi.

Kisha tafuta kizidishio, yaani namba inayotumika kukadiria protini kutokana na kiasi cha naitrojeni, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kwa kawaida maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, ilhali sehemu ya naitrojeni hiyo imo katika kaitini, dutu ngumu ya gamba la mdudu, ambayo si protini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walipendekeza 4.76 kwa mabuu mazima ya aina 3 walizochunguza. Sampuli yenye gramu 10 za naitrojeni hushuka basi kutoka gramu 62.5 za protini hadi 47.6, tofauti ambayo naiona kubwa mno kuachwa bila maelezo.

Usiishie kwenye protini. Hakikisha watafiti wametaja mzio, maana mtu anayedhurika akila kamba wa baharini anaweza kudhurika pia akila wadudu, hata waliopikwa.