Mkate wa kumimina bila supamaketi wala blenda

Penye supamaketi, mkate wa kumimina ni kazi ya saa mbili: unga wa mchele wa paketi, tui la kopo, hamira, tanuri la umeme. Pasipo hivyo, mkate wa futari ya leo huanza jana usiku, na kosa la saa 3 usiku halionekani mpaka saa 10 jioni, mkate ukiwa umeshatoka jikoni. Ndiyo maana watu hulaumu moto wakati kosa lilikuwa kwenye kuloweka.

Vipimo vya sufuria ya sentimita 22: mchele vikombe 2 (kikombe cha mililita 250, yaani kama gramu 400 kwa jumla), nazi 1 kubwa au 2 ndogo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, ute wa yai 1, iliki punje 6 zilizotwangwa, wali mweupe uliopoa vijiko 2 vya mezani, samli au mafuta kijiko 1 cha mezani.

Tafuta mchele wa zamani. Mchele mpya una mnato na hutoa mkate unaogandana menoni. Uchague vizuri ungoni, chuya na mawe, maana jiwe likiingia kinuni hutwangwa likawa mchanga, na mchanga laini hupita kwenye chekeche pamoja na unga. Loweka saa 8 hadi 10, maji yazidi mchele kwa vidole vinne. Joto likiwa kali badilisha maji mara moja kabla ya kulala, la sivyo asubuhi yatakuwa yameanza kunuka uchachu. Kujua kama umelainika, bana punje kwa kucha: ikisagika yote iko tayari, ikibaki kiini kigumu cheupe, ongeza saa mbili. Kiini hicho kikavu ndicho kinachofanya mkate uwe wa chengachenga hata ukitwanga mpaka mikono iote sugu.

Mwaga maji, kisha tandaza mchele juu ya kitambaa kwa saa moja hivi. Hapa wengi huharakisha. Mchele wenye maji hugeuka tope na kung'ang'ania mchi. Uliokauka mno huruka nje ya kinu. Unaotakiwa ni ule unaolowesha kiganja bila kuganda. Twanga kikombe kimoja kimoja, chekecha, rudisha chenga kinuni, na tegemea kurudia mara tatu. Unga unyevu huziba chekeche: ligonge pembeni kwa kiganja, usisugue kwa vidole, maana kusugua kunapitisha chenga kwa nguvu.

Mashine ya kusaga ya mtaani ni njia ya mkato yenye mitego. Wenye mashine wengi hukataa mchele unyevu kwa sababu huziba chujio. Wakikubali, fuata baada ya mtu wa mchele. Ukiingia baada ya mtu wa mahindi, unga wako wa mwanzo utakuwa na mahindi yake. Na unga unyevu hauwekwi. Usipoutumia siku hiyo hiyo, uanike juani mpaka ukauke kabisa.

Nazi usiivunje kabla unga haujawa tayari. Ikiwa nzima, na hasa ikiwa bado haijafuliwa, hukaa wiki kadhaa bila friji. Likishakamuliwa, tui hukaa saa chache tu katika joto la pwani. Unaponunua, itikise: maji yagonge. Isiyosikika maji pengine ina ufa, na yenye macho yaliyolowa au ukungu iache hapo hapo. Koroma, yaani nazi ambayo bado haijakomaa, nayo haifai kazi hii, nyama yake hutoa tui la maji maji. Vunja kila nazi peke yake, nusa, onja kipande. Yenye ladha ya sabuni imeshaharibika, na ikichanganywa na nzuri huharibu zote mbili.

Ikune nazi kwa mkono mwepesi na uache ukifika karibu na kifuu, usije ukapata tui lenye weusi. Mimina kikombe 1 cha maji ya moto unaovumilika kwa kidole. Maji baridi huacha mafuta kwenye machicha. Yanayochemka yataua hamira baadaye usipongoja tui lipoe. Fikicha dakika tatu au nne, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo kasimele, nawe unahitaji kikombe 1 na robo. Likipungua, ongeza maji kidogo kwenye machicha ukamue tena. Tui la pili linalobaki peleka kwenye maharage.

Hamira ya kupimwa dukani kutoka kwenye pakiti iliyokaa wazi mara nyingi imeshakufa. Ipime kabla haijagusa unga: robo kikombe ya tui vuguvugu, sukari nusu kijiko cha chai, hamira, dakika 10. Isipotoa povu, usiendelee. Zamani pwani walichachisha kwa tembo la mnazi lililogemwa asubuhi, nusu kikombe badala ya kiasi kile kile cha tui. Kwa futari bila shaka hilo halimo, na njia nyingine ni kuhifadhi nusu kikombe ya unga ulioumuka jana, kabla haujatiwa sukari na yai, uwe chachu ya leo.

Ponda wali uliopoa mpaka uwe laini, changanya na unga, kasimele na hamira, upige kwa mkono au mwiko dakika 10. Wali huo si wa kujazia. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa, kwa hiyo kinachoshika mapovu ni uzito wa mchanganyiko wenyewe, na wali uliopikwa huuongezea utelezi. Uwe mzito kama uji wa kulea mtoto, udondoke kwenye mwiko kwa utepe. Sukari bado, kwa sababu nyingi huchelewesha hamira na huufanya uwe mwepesi zaidi. Funika dakika 45 hadi 90. Ukiongezeka karibu maradufu na kutoa mapovu juu, tia sukari, iliki na ute uliopigwa, koroga taratibu, ngoja dakika 15. Ukiusahau kwa muda wa saa tatu, utanuka uchachu na kubonyea katikati ukiivishwa.

Moto ndio unaotaka macho. Washa makaa mapema yawe mekundu bila moshi. Theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipaliwe juu ya mfuniko. Mfuniko uwe bapa wenye ukingo, la sivyo majivu yataingia, na uupashe moto kwanza: mfuniko baridi hutoa jasho linalodondoka na kuacha uso wa mkate umelowa. Pasha sufuria na samli mpaka tone la mchanganyiko litoe mlio wa kukaangika, mimina, acha wazi dakika 5 mpaka kingo zitoboke vitundu. Ndipo ufunike na kupalia. Dakika 20 hadi 25 zatosha. Usifunue kabla ya 15. Chomeka njiti katikati, itoke kavu.

Chini ukiungua na katikati kukiwa kubichi, makaa ya chini yalikuwa mengi: toa nusu, mkate ubaki juu ya majivu moto. Rangi ikikataa kuja juu ingawa ndani umeiva, pepea makaa ya mfuniko dakika 3. Ukiwa mzito chini na mwepesi juu kama tabaka mbili, unga uliotuama haukukorogwa kabla ya kumimina.

Kwa futari ya saa 12 na nusu, mchele ulowekwe saa 3 usiku, utolewe majini saa 1 asubuhi, utwangwe kuanzia saa 2, nazi ivunjwe saa 6 mchana, mchanganyiko uwe tayari saa 7, jiko liwashwe saa 8 na nusu. Ubaki muda wa kupoa: ukikatwa ukiwa moto hugandamana na kisu, na kila mtu atadhani haukuiva.